Mbawakawa Asiyevuka Bonde

Msomaji, ukisimama ukingoni mwa Menengai siku isiyo na ukungu, utaliona Bonde la Ufa limetandazwa mbele yako. Chini ya mlima upo mji wa Nakuru, na kusini ya mji lipo ziwa. Magharibi imeinuka misitu ya Mau. Na mbali upande wa mashariki ipo milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Ndege hulivuka bonde hili kwa muda mfupi, na mtu aliye garini huweza kulivuka kabla ya adhuhuri. Lakini yupo kiumbe ambaye kwake bonde hili ni bahari isiyo na chombo. Huyo ni mbawakawa mdogo akaaye chini ya majani makavu ya msituni, na habari zake ni sehemu ya historia ya nchi hii.

Urefu wake kwa kawaida ni milimita 1 hadi 3 tu. Rangi yake ni hudhurungi, na mabawa yake magumu ya juu ni mafupi, hata tumbo lake huonekana. Usidhani ni mpole kwa kuwa ni mdogo: huwinda utitiri na vidudu vingine vilivyo vidogo kuliko yeye. Hupenda unyevu na giza. Tena, aina nyingi za milimani hazina mabawa ya kurukia. Ziendako huenda kwa miguu, na hazitoki nje ya kivuli cha miti.

Aliyeipa jamii hii jina lake la elimu, mwaka 1802, ni Mfaransa Pierre André Latreille. Mtu huyu alikuwa na sababu ya kuwapenda wadudu. Alikuwa padre, na wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa gerezani mjini Bordeaux. Humo akamwona mbawakawa mmoja sakafuni, akamtambua kuwa ni wa aina ngeni. Habari za mdudu huyo ziliwafikia wapenzi wa elimu ya viumbe waliokuwa nje, nao wakamwombea mfungwa wao, akafunguliwa. Wengi wa wenzake waliobaki waliangamia. Jamii yetu hii ndogo aliiita Pselaphidae, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kupapasa, kwa kuwa mdudu huyu hupapasa njia yake kama mtu aliye gizani.

Huenda ukauliza, kupanga wadudu kwa majina kuna faida gani? Fikiri juu ya maktaba ambayo vitabu vyake vimemwagwa sakafuni. Vitabu vimo, lakini hakuna awezaye kukipata akitakacho. Mwaka 1758 Msweden Carl Linnaeus aliweka kanuni ya kumpa kila mnyama majina mawili, moja la kundi lake na moja la aina yake. Kanuni hiyo ingali inafuatwa ulimwenguni kote. Hata hivyo mpango hubadilika kadiri ujuzi unavyoongezeka. Kwa karibu miaka 200 wadudu hawa walihesabiwa kuwa ukoo wao wenyewe. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Marekani, Alfred Newton na Margaret Thayer, walilinganisha maumbile yao kwa makini na kuonyesha kwamba wao ni tawi tu la ukoo mkubwa zaidi, uitwao Staphylinidae. Leo tawi hilo, liitwalo Pselaphinae, lina aina zipatazo 10,000 zilizokwisha kupewa majina.

Namna ya kuwapata ilikuwa shida kubwa, maana macho ya mtu hayawezi kumtenga mdudu mdogo hivi na chembe za udongo. Mwaka 1905 Mwitaliano Antonio Berlese alieleza chombo rahisi sana: majani huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, yakapashwa moto kidogo. Wadudu hukimbia joto na ukavu, wakashuka, wakaanguka katika chupa iliyo chini. Mwaka 1918 Msweden Albert Tullgren alitumia taa ya umeme mahali pa moto huo.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikalipita Bonde la Ufa, na mwaka 1901 ikafika ziwa Victoria. Kwa njia hiyo wageni wa kila namna waliingia bara. Miongoni mwao, mwaka 1911 na 1912, walikuwa Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel. Walikusanya wadudu mapangoni, misitumi na katika milima mirefu ya Kenya na Kilimanjaro. Jeannel, aliyezaliwa mwaka 1879 na kusomea uganga, aliendelea kuchunguza wadudu wa namna hii maisha yake yote. Mwaka 1949 alitoa kitabu kizima juu ya mbawakawa hawa wa Afrika Mashariki.

Jeannel hakutosheka na majina tu. Aliuliza: kwa nini mdudu huyu yuko hapa, na hayuko kule? Aliona kwamba milima yetu mirefu ina mbawakawa wasio na mabawa ambao hawapatikani katika mlima mwingine wowote. Mdudu asiyeruka hawezi kupeperuka kutoka kilele hadi kilele. Basi, ikiwa aina moja inaishi pande zote mbili za bonde, msitu uliwahi kuziunganisha pande hizo. Ikiwa aina ni mbili, ndugu waliotengana, basi utengano wao ni wa zamani.

Na bonde lenyewe limebadilika sana. Mwingereza J. W. Gregory, aliyelipitia mwaka 1893, alieleza kwamba halikuchimbwa na mto, bali ardhi ilipasuka na kudidimia. Miaka ipatayo 10,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa. Kabla ya hapo zilipita nyakati za baridi na ukame, misitu ikapungua. Kila mara misitu ilipotanda au kujikunja, mbawakawa alikwenda nayo. Leo chini bondeni kuna nyasi, migunga na leleshwa, nchi asiyoweza kuivuka. Hivyo mwili wake ni hati ya kale, iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajajua kuandika.

Lakini hati huweza kuteketea. Mwaka 2001 serikali iliondoa sehemu kubwa za msitu wa Mau katika hifadhi, na ripoti iliyotolewa mwaka 2009 ilieleza kwamba karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea. Mwenye njaa ya shamba ana haja yake, wala si haki kuidharau. Walakini mti ukikatwa, kivuli huondoka. Kivuli kikiondoka, majani hukauka. Na majani yakikauka, mbawakawa asiye na mabawa hana pa kukimbilia. Aina ikifa kabla ya kupewa jina, hakuna atakayejua hata kwamba ilikuwapo. Nasi tutaona hasara iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa unyevu ule ule umwekao yeye hai ndio uulishao mto Njoro, nao mto huo hulijaza ziwa Nakuru.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Wewe usomaye haya huhitaji meli wala fedha nyingi. Kwa ruhusa ya walinzi wa msitu, chukua konzi chache za majani, faneli, taa na chupa. Kisha andika mahali, kimo na tarehe, kwa maana mdudu asiye na kibandiko ni mdudu tu, bali mwenye kibandiko ni shahidi. Kazi iliyoanzwa na wageni haijakwisha, na wanaokaa karibu na msitu ndio wanaofaa zaidi kuiendeleza.