Huntingdon, mume aliyelindwa na sheria

Juni 1848, mchapishaji Thomas Newby wa London alitoa riwaya ya The Tenant of Wildfell Hall. Jaladani mwandishi ni Acton Bell. Kwa kweli ni Anne Brontë, binti wa kasisi wa Haworth, mwenye miaka 28.

Arthur Huntingdon, mume katika riwaya hiyo, ni mtanashati, mcheshi na tajiri. Pia ni mlevi kupindukia. Anamleta hawara nyumbani kwa kisingizio cha mwalimu wa mtoto, na anamzoeza mwanawe mdogo mvinyo na matusi huku marafiki wakishangilia. Siku moja anasoma shajara ya mkewe, Helen, na kugundua kuwa anachora picha za kuuza ili atoroke na mtoto. Anamnyang'anya funguo. Anatupa motoni rangi, brashi na vanishi, na visu vya kuchanganyia rangi anavivunja vipande viwili. Mafuta na tapentaini vinalipuka, moto unanguruma ndani ya dohani. Kisha anachukua fedha na vito vya Helen.

Katika yote hayo hajavunja sheria hata moja, na hapo ndipo uchungu wa riwaya hii ulipo. Matukio yake ni ya miaka ya 1820, wakati pato la mke wa Kiingereza, hata la jasho lake mwenyewe, lilikuwa la mumewe. Mtoto alikuwa wa baba. Helen anapotoroka, mbele ya sheria mkosaji ni yeye.

Nje ya riwaya, mwandishi wa Kiingereza Caroline Norton aliyaonja hayo mwaka 1836, mumewe alipomnyima watoto wake watatu. Alipigania jambo hilo kwa kalamu hadi Bunge, mwaka 1839, likamruhusu mama kuomba mahakamani alee mtoto wa chini ya miaka 7. Haki ya mke kumiliki mapato yake ilisubiri hadi 1870.

Ulevi Anne aliujua kwa karibu: kaka yake Branwell alikuwa akiangamia kwa pombe na afyuni, akafa Septemba 1848. Wahakiki walipokilaani kitabu kuwa kichafu, Anne alijibu katika dibaji ya toleo la pili kwamba alikusudia kusema kweli. Alifariki Mei 1849. Dada yake Charlotte akakataa kitabu kichapwe tena, akiona mada ile ilikuwa kosa. Nampenda Charlotte, lakini hapo alimdhulumu mdogo wake. Toleo la bei nafuu la 1854 lilitoka limekatwakatwa, na kwa miaka mingi wasomaji wengi walisoma maandishi hayo pungufu.