Ndovu wa Bati

Katika Kiswahili cha mwambao neno tembo hubeba maana mbili, mnyama na kileo kinachogemwa mnazini, ndiyo sababu wazee wengi wa pwani humwita mnyama ndovu, na lile neno jingine wakalibakiza kwa kinywaji. Sikupata kuziona maana hizo mbili zikikutana kwa ukamilifu ila katika picha za matangazo ya bia, za karatasi na za bati, zilizotundikwa zamani madukani na vilabuni, kutoka Nairobi mpaka hapa Suneka, Kisii, ambazo baadhi yetu tunazikusanya, si kwa mapenzi ya ulevi, bali kwa sababu zimehifadhi tarehe ambayo wachache waliona haja ya kuiandika.

Asili ya picha mashuhuri kupita zote ni msiba. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walishiriki kuanzisha kiwanda cha bia Ruaraka, na makasha 10 ya kwanza yakapelekwa Hoteli ya Stanley mjini Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa, kwa ukumbusho wake. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi: mnyama aliyeua hakulaaniwa wala hakufichwa, bali alitiwa katika nembo, akawa fahari ya kampuni iliyofiwa, akajulikana na maelfu wasiopata kusikia habari za marehemu. Tanzania nayo ina bia ya Ndovu, na Lubumbashi wana Simba na Tembo. Uingereza, tangu miaka ya 1930, mchoraji John Gilroy aliwatumia wanyama wa bustani katika matangazo ya Guinness, lakini wanyama wake ni wa kuchekesha, ilhali ndovu wetu amechorwa kwa haiba ya sultani.

Nembo hiyo ilipozaliwa, mkazi wa Suneka hakuwa na ruhusa ya kuinywa bia yenyewe, kwa kuwa sheria ya ukoloni iliwanyima Waafrika vileo vya Kizungu, na bia ya chupa hawakuhalalishiwa mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Pombe ya hapa ilikuwa ya wimbi, iliyonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wazee wameketi kwa daraja zao. Chungu hicho hakikuhitaji tangazo, maana aliyepika alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mkono wake. Lakini chupa iliyotoka mbali, iliyopikwa na mtu asiyejulikana, ilihitaji uso, na uso huo ukawa wa mnyama, ambao hata asiyejua kusoma aliutambua.

Abagusii, wenyeji wa huku Kisii, humwita ndovu enchogu, na wako watu wengi hata leo waitwao Nchogu, ingawa milima yetu imelimwa hadi vileleni na ndovu mwenyewe hayuko. Miaka ile ile ndovu wa bati alipokuwa akienea kutani, ndovu wa porini nchini Kenya walipungua kutoka 167,000 hivi mwaka 1973 hadi karibu 16,000 mwaka 1989, ambapo serikali ilichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Basi mtoto wa Suneka aliyezaliwa zama hizo aghalabu alimwona ndovu kwanza katika tangazo la bia, au katika jiwe la sabuni lililochongwa Tabaka, na kwa wengi hao ndio ndovu pekee waliopata kuwaona.

Picha za karatasi ni adimu huku kwetu, kwa kuwa mvua za Kisii huleta ukungu, na kile ambacho ukungu umekisaza huliwa na mchwa. Mabati hudumu zaidi. La kwanza nililolipata lilikuwa limefunika kizimba cha kuku: manjano yake yamepauka kama ugali wa jana, matundu ya misumari pembe zote nne, kutu imelila jina lote la bia, lakini jicho la ndovu na pembe moja vingali vyeusi na vyeupe kama siku vilipochapwa. Mwenye kuku, mama mtu mzima wa kanisa la Waadventista, ambaye midomo yake haikupata kugusa pombe, alistaajabu kuniona nimepiga magoti mbele ya kizimba chake.

“Mama, naomba uniuzie bati hili.”

“Mwanangu, hilo ni la walevi, marehemu mume wangu aliliokota kilabu kilipobomolewa, nami nikaligeuza, picha ikatazama ndani.”

“Kuku ndio wamekuwa wakilitazama?”

“Kuku hawanywi,” akasema, akaanza kung’oa misumari kwa mkono wake mwenyewe. “Lichukue, lakini kwanza niletee jingine, maana mvua ya saa kumi haingoji.”

Nilikwenda sokoni, nikarudi na bati jipya begani, na tulipokuwa tukiligongomea matone ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuanguka.