Mmiminiko: bawabu wa tumbo anaporukwa

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huenda akasikia neno dampingi kabla hajatoka wodini. Kwa masikio ya Kiswahili neno hili lina kasoro kubwa. Tayari tunalo dampo, na dampo kwa mkazi wa Dar es Salaam ni Pugu, kwa mkazi wa Nairobi ni Dandora. Ukimwambia mgonjwa kwamba tumbo lake litadampu, anachokiona ni takataka. Atadhani amekula uchafu au chakula kimemuozea ndani. Kumbe chakula hakina ubaya wowote ila mwendo wake: kimetoka tumboni upesi kupita kiasi. Napendekeza tuseme mmiminiko, kutokana na kumiminika, kwa sababu ndicho kinachotokea hasa.

Jambo lenyewe lilijulikana kabla ya upasuaji wa unene. Mwaka 1913 daktari wa London, Arthur Hertz, alieleza dalili za watu walioungwa tumbo na utumbo wakawa wanajisikia vibaya baada ya kula. Charles Mix wa Marekani ndiye aliyeliandikia jina lililozaa dampingi yetu, mwaka 1922, baada ya kuona kwenye picha za eksirei jinsi tumbo linavyojimwaga. Upasuaji wa kuchepusha tumbo kwa ajili ya kupunguza uzito ulikuja na Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1966.

Ili mmiminiko ueleweke, lazima tumtaje bawabu. Mwisho wa tumbo, linapokutana na utumbo mwembamba, kuna msuli wa mviringo. Wagiriki waliupa jina lenye maana ya mlinzi wa lango. Waarabu huuita bawabu, na bawabu ni Kiswahili pia, kwa hiyo istilahi hii tunayo bila kwenda kuazima. Kazi ya msuli huo ni kukipitisha chakula kilichosagika kidogo kidogo, utumbo usizidiwe.

Katika upasuaji wa kuchepusha, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo. Bawabu anarukwa. Katika aina nyingine, tumbo hukatwa asilimia 75 hadi 80 likabaki kama mrija. Bawabu hubaki mahali pake, na mmiminiko hutokea mara chache zaidi. Puto, ambalo Watanzania wengi wamelisikia tangu Hospitali ya Muhimbili Mloganzila ianze kuliweka, si upasuaji: huingizwa kwa mdomo na kutolewa baada ya miezi kadhaa, na bawabu haguswi.

Bawabu akirukwa, kitu kitamu hufika utumboni kwa mkupuo. Sukari yake huvuta maji kutoka kwenye damu, utumbo unafura, na kwa kawaida ndani ya dakika 10 hadi 30 baada ya kula moyo unaenda mbio, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, tumbo linasokota, kisha mtu anaharisha. Kinachomfaa wakati huo ni kujilaza mpaka hali itulie.

Tangu hapo, kazi ya bawabu inahamia kwa anayekwenda sokoni, anayepika na anayepakua. Hapa ndipo istilahi nzuri inapolipa, kwa sababu aliyeelewa mmiminiko hahitaji orodha ndefu ya makatazo. Anajiuliza tu: hiki kitapita upesi kiasi gani, nacho kimebeba sukari kiasi gani? Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, tena ni kimiminika kisichohitaji kutafunwa. Juisi ya miwa, asali na chai ya vijiko vitatu vya sukari zimo kundi hilohilo.

Ugumu wetu ni mapenzi ya jamaa. Kwetu mgonjwa hutembelewa na pakiti ya glukosi na juisi za boksi, na akirudi nyumbani hupikiwa uji mwepesi wenye sukari ya kutosha ili apate nguvu. Kwa mgonjwa wa homa, sawa. Kwa aliyerukiwa bawabu, kikombe hicho ni mmiminiko mtupu. Wa kufundishwa kwanza, kabla hata ya mgonjwa, ni mwenye jiko. Haitakiwi kumkatalia mama mkwe aliyesafiri usiku kucha kuja kuuguza. Inatosha kumwambia, "Uji nitaunywa, mama, ila usinitilie sukari. Niwekee maziwa."

Wiki za kwanza hospitali huelekeza vimiminika, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Hatua hizo zifuatwe kama zilivyopangwa, na vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha. Linaloachiwa nyumba kulisuka ni protini, ambayo kwa kawaida hupangwa kuwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kifuko hakipokei mayai kumi. Ndiyo maana nawasifu dagaa. Watolewe vichwa, waoshwe, wakaushwe kikaangoni bila mafuta, watwangwe kwenye kinu na kuchekechwa. Unga wao ukae kwenye chupa yenye kifuniko, kijiko kimoja kiingie kwenye supu ya mboga. Choroko zichemshwe mpaka zivurugike, zipitishwe kwenye chujio. Perege achemshwe kwa nyanya na ndimu, mafuta kidogo sana, achambuliwe miiba kwa vidole, maana uma hauioni. Maziwa mgando yawe ya bila sukari. Nyama ya kuchoma iliyokauka na ugali mgumu vina shida nyingine, ya kukwama, navyo vinasubiri sana. Sufuria ndogo, kisahani na kijiko cha chai vinatosha. Sahani kubwa humfanya anayepakua azidishe.

Jagi la maji lisikae mezani. Maji yanayonywewa juu ya chakula hukisukuma, kwa hiyo mtu angoje nusu saa baada ya kula, halafu anywe kwa mafundo madogo siku nzima.

Kuna dalili nyingine zinazokuja saa 1 hadi 3 baada ya mlo, na madaktari huziita dampingi ya baadaye. Hapa nisingependa tuseme mmiminiko wa baadaye, kwa sababu wakati huo hakuna chakula kinachomiminika. Sukari iliyoingia kwa kishindo imeuita mwili utoe insulini nyingi, na insulini hiyo imeishusha sukari ya damu kupita kiasi: mtu anatetemeka, anaona njaa kali, anachanganyikiwa. Tuite mshuko wa sukari baada ya mlo. Mwenye hali hiyo anahitaji kitu kitamu kidogo cha kumwinua, kikifuatwa na chakula chenye protini cha kumshikilia, mathalani yai la kuchemsha. Akiishia kwenye soda, sukari itapanda tena kwa kishindo na kushuka tena. Ikimrudia mara kwa mara, amwone daktari wake, na asiendeshe gari dalili zikiwa zimeanza.