Televisheni Haikufika Kwetu: Nani Basi Alizima Moto wa Hadisi?

Kila mara wazee wa Salamabila wanapoongelea watoto wa siku hizi, jibu moja linatoka haraka: ni televisheni ndiyo iliharibu. Watoto hawajui hadisi, ni televisheni. Hawajui vitendawili, ni televisheni. Hawajui jina la baba ya babu yao, ni televisheni tu. Neno hilo tunalisikia pia kwa ndugu zetu wa Kinshasa na wa Dar es Salaam, na huko pengine lina ukweli wake. Lakini kwetu sisi, kati ya Kasongo na Kabambare, lina shida moja kubwa. Televisheni yenyewe haikuingia katika nyumba zetu. Nyumba nyingi za Salamabila hazina hata leo. Sasa tunamshitaki vipi mgeni ambaye hajapiga hodi?

Ndugu msomaji, tufuate kwanza njia ya televisheni yenyewe. Katika inchi yetu ilianza Kinshasa, mwezi wa Novemba 1966. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, Uganda tangu 1963. Zanzibar ilianza ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994, kwa sababu serikali ya Nyerere iliona ni anasa ambayo inchi ya wakulima inaweza kuingoja. Burundi ilipata ya kwake 1984. Na sisi? Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilianza kupeleka picha kwa njia ya satelaiti mpaka miji mikuu ya mikoa. Lakini Maniema haikuwa mkoa wakati ule. Tulikuwa kipande cha Kivu mpaka 1988, na mji mkuu wetu ulikuwa Bukavu, ambao kutoka Namoya ni kilometa 225 hivi kwa njia ya ndege. Kwa njia ya miguu na lori, afazali tusihesabu. Basi ule uso wa Rais unaotokea mawinguni kila jioni kabla ya habari, watu wa Kinshasa waliuona mpaka wakauzoea. Kwetu watu waliusikia kwa kusimuliwa na wale waliosafiri, nao wengine hawakusadiki.

Kitu kilichofika ni redio. Tunataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu redio nayo inashitakiwa, na kwa maoni yetu inaonewa. Redio ya kwanza mu kijiji ilikuwa ya mwalimu, au ya karani wa kampuni, au ya mfanyabiashara. Haikuwa kitu cha mtu mmoja na bibi yake chumbani. Ilitolewa nje, ikawekwa juu ya kiti, na watu wakaizunguka namna walivyozunguka moto. Mwaka wa 1974, Chui wa Zaire walipochukua kombe la Afrika kule Cairo, mechi ya mwisho na Zambia ilibidi irudiwe: 2-2 siku ya kwanza, 2-0 siku ya pili, na Ndaye Mulamba akamaliza mashindano na mabao 9. Mwezi wa sita mwaka ule ule ukaja Ujerumani, ambako Yugoslavia ilitufunga 9 bila. Oktoba 30, Ali na Foreman wakapigana Kinshasa, dunia nzima ikiangalia kwa televisheni. Dunia iliona, Kasongo ilisikia. Na mtu aliyesikia anapaswa kusimulia! Aliyeketi karibu na redio alirudi kwake na kuwaambia wengine, akiongeza ngumi ambazo Ali hakuzipiga. Redio ililisha hadisi, haikuizima.

Zaidi ya hapo, redio ilisema lugha yetu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Sauti ya Amerika 1962, ya Deutsche Welle 1963, na Radio Tanzania ilivuka Ziwa bila kuomba ruhusa. Kiswahili kilichokuja kwa miguu pamoja na misafara ya Tippu Tip katika karne ya 19 ndicho kilitufungulia habari za dunia. Pale Tongoni, ambapo ndipo ilikuwa Kasongo ya zamani, waungwana walikuwa na baraza zao za jioni namna ya pwani. Askari wa Dhanis walipoingia Aprili 1893, daktari Hinde aliyekuwa pamoja nao aliandika kwamba walikuta mishumaa na viberiti kwa wingi. Tunapenda kukumbuka jambo hilo dogo. Watu wenye mishumaa ni watu wanaokesha.

Lakini baraza ya waungwana ilikuwa kitu kimoja, na moto wa kijiji kitu kingine. Moto wa Wabangubangu, wa Wabuyu, wa Wazimba, ulikuwa shule. Mchana ni wa kazi. Wazee walitukataza kusema hadisi jua likiwa juu. Usiku, baada ya kula bugali na sombe, mzee alianza na vitendawili kwa kuamsha vichwa, kisha mnyama mdogo mwenye akili akamdanganya mkubwa, na katikati ya hadisi ukaja wimbo. Wimbo ule haukuwa pambo. Watoto walipaswa kuuitikia, na bila kuitikia hadisi haiendeleki. Baada ya hadisi za wanyama, wadogo walipoanza kusinzia, ndipo wazee waliingia katika mambo yenyewe: nani alitoka wapi, nani alimpa nani mahali pa kukaa, mto gani ni mpaka, kilima gani wamezikwa akina nani.

Nani alizima moto huo? Tukiangalia miaka, tunaona kwamba ulianza kufifia mapema sana, wakati hata Wabelgiji wenyewe hawakuwa na televisheni kwao. Amri ya kilimo cha lazima ya 1917 ilileta pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kujaribiwa. Vijiji vikasogezwa barabarani ili vihesabike. Kijiji kikihama, kilima kile kinachotajwa katika hadisi kinabaki nyuma, na mtoto anasikia jina bila kuona mahali. Mtu aliyelima pamba ya mzungu mchana kutwa, tena shamba lake bado linamngojea, usiku hakuwa na nguvu ya kuimba.

Kisha dhahabu. Pale Namoya kazi ya kampuni ilianza wakati wa Wabelgiji, na mwaka wa 1976 kampuni za zamani ziliunganishwa kuwa Sominki. Wazee wetu wengi walikula mkate huo na hatutaki kuusema vibaya. Ulilipa masomo yetu. Lakini kambi ya wafanyakazi si kijiji. Kuna zamu, na king'ora hakijui kama hadisi imefika katikati. Tena kambini wanakaa watu wa makabila yote, kwa hiyo watoto wanacheza kwa Kiswahili. Ni vizuri, ni umoja. Ila ule wimbo wa katikati ya hadisi ulikuwa kwa Kibangubangu au kwa Kizimba, na haugeuziki. Mzee akisimulia kwa Kiswahili na kufika kwenye wimbo, anaimba peke yake. Akiimba peke yake mara tatu, mara ya nne anaacha. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ni ajabu kwamba haitajwi kabisa.

Masomo nayo yalichukua sehemu yao: watoto wenye akili, ambao wangerithi maneno, ndio waliopelekwa kulala internati kwa mapadri. Tuseme hivyo tu na tupite.

Vita ndivyo vilimaliza kilichobaki. Mwezi wa saba 1964 Kindu iliangukia mikononi mwa Simba, na upande wa Fizi na Kabambare msitu uliendelea kuwa na watu wa bunduki kwa miaka mingi. Kisha 1996, kisha 1998, mwaka ambao Kindu ilichukuliwa tena mwezi wa kumi. Mtu ambaye hajakimbia vita hawezi kujua kitu hiki: ukilala shambani au msituni, huwashi moto. Moto unaonyesha mahali ulipo. Mtoto akilia anazibwa mdomo. Nani atapiga hadisi? Kuna watoto waliokua kutoka miaka mitano mpaka kumi na miwili bila usiku mmoja wa makelele mazuri. Watoto hao leo ni baba na mama. Wanaambiwa kwamba ni televisheni iliwaharibu, na hawajawahi kuwa na televisheni.

Sinema za video zilikuja baadaye, katika kambi za wachimbaji: mbao za kukalia, grupu ya umeme inayopiga kelele nje, filamu za karate na za Nigeria, na kijana mmoja anayegeuza maneno kwa Kiswahili. Yule kijana, wazee wanamdharau, lakini sisi tunamwona kama ndugu wa msimulizi wa zamani. Leo ni simu na kadi ya memori, na pano ndogo ya jua juu ya majani ya nyumba. Televisheni ya nyumbani imerukwa tu. Tumetoka kwenye moto mpaka kwenye simu bila kupita saluni yenye tele.

Jambo hili lina uzito kwa sababu si hadisi za sungura peke yake zilizopotea. Sominki ilikufa katika miaka ya 1990. Banro iliyoinunua ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016, na mwezi wa tisa 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya usalama. Katika miaka hiyo yote, familia na familia zilibishana: kilima hiki ni cha nani, ni nani alianza kukaa hapa. Karatasi za ofisi zinaanza na mzungu. Kilichokuwa kabla ya mzungu kilikuwa katika yale maneno ya usiku, watoto wadogo wakiwa wamesinzia. Tumeona vijana wakiulizwa kutaja babu zao mpaka wa nne na kukwama kwa wa pili. Anayeweza kutaja saba, hata kama wengine ni wa kubuni, anashinda mabishano.

Mahali pamoja moto ungali unawaka, nako ni matangani. Watu wanalala nje usiku kadhaa, hakuna zamu, hakuna anayethubutu kupiga muziki wa simu karibu na wenye kilio. Kahawa inazunguka. Saa nane za usiku, watu wanapotaka kusinzia, mzee anatega kitendawili ili waamke, na mara nyingine, akipata wawili watatu wanaojua kuitikia, anaanza wimbo. Hapo ndipo tulipopata sehemu kubwa ya majina ya vilima na ya mito yanayofuata katika kurasa za kijitabu hiki. Tuliyaandika kwa mwanga wa tochi, na mzee akilitaja jina vibaya, mwingine wa upande wa pili wa moto alilisahihisha.