Nasaba ya Maninja: Tarehe ya Biashara ya Nyuso Zilizofunikwa

Waliolifanya vazi la ninja kuwa bidhaa ya jumla ni binamu wawili wa Tiberias, Israeli: Menahem Golan, aliyependa kuongoza sinema, na Yoram Globus, aliyependa kuziuza. Mwaka 1979 walinunua Cannon Films, kampuni ya Marekani iliyokuwa taabani, wakaiendesha kwa kanuni moja: tengeneza nyingi, tengeneza kwa bei ndogo, na uuze kabla hujatengeneza. Kwenye soko la Cannes walikuwa wakibandika mabango ya picha ambazo hazijaandikwa hata ukurasa mmoja. Msambazaji akilipenda bango anatoa arbuni, na kwa arbuni hiyo picha inaanza kupigwa.

Ninja mwenyewe hawakumbuni wao. Wajapani walikuwa naye siku nyingi, vitabuni na jukwaani, na sinema ya Shinobi no Mono ya mwaka 1962 ilikwisha kumwonyesha vizuri kuliko yeyote aliyekuja baadaye. Iliongozwa na Satsuo Yamamoto, na ninja wake ni mtu wa Iga anayetumwa na wakubwa na kutupwa kazi ikiisha. Ni picha nzito, ya huzuni na siasa, wala haina haraka. James Bond alimpitia ninja mwaka 1967 akiwa Japani, akaenda zake. Kisha, mwaka 1980, Marekani ikapata joto: Eric Van Lustbader alichapisha riwaya yake The Ninja, Shogun ikaonyeshwa kwenye televisheni, na Chuck Norris akapambana na maninja katika The Octagon. Golan alikuwa na pua ya mfanyabiashara. Mwaka uliofuata akaenda Manila.

Picha aliyoipiga huko, Enter the Ninja ya 1981, ndiyo mama wa ukoo wote huu, na tayari ina siri ya biashara nzima. Wazo lilikuwa la Mike Stone, bingwa wa karate wa Marekani, na yeye ndiye aliyetarajiwa kuwa stelingi. Golan akambadilisha, akamweka Franco Nero, Mwitaliano mwenye macho ya buluu na masharubu, maarufu kwa sinema za kikauboi. Nero hakujua karate. Haikuwa shida: akavalishwa vazi jeupe la ninja, kofia hadi usoni, na kila mateke yalipohitajika Stone akaingia ndani ya vazi lile. Mtazamaji anaona macho mawili, na macho hayaulizwi mkanda wa rangi gani.

Hapo ndipo biashara yote ilipokaa. Stelingi wa sinema ya kawaida ya ngumi ni ghali, kwa sababu uso wake ni mmoja. Bruce Lee alipofariki Julai 1973, watengenezaji wa Hong Kong walihangaika miaka kadhaa wakitafuta vijana wa kufanana naye, wakawapa majina ya kufanana na lake, na bado kila mtu alijua kuwa siye. Lakini ninja hafi. Akiumia mguu Jumatatu, Jumanne anavaa mwingine. Watu sita wanatosha kuwa jeshi la maninja sitini, maana aliyeuawa langoni anaamka, anajifuta vumbi, na kwenda kufa tena juu ya paa. Tukisema kwamba sinema hizi zilipendwa kwa ajili ya ngumi, tunasema kweli. Ila zilitengenezwa kwa wingi ule kwa sababu ya kitambaa.

Kutoka Enter the Ninja akazaliwa Sho Kosugi. Alikuwa mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1948, aliyehamia Los Angeles na kufundisha karate, na kwenye picha ile alicheza adui tu, ninja mweusi. Watazamaji wakampenda adui kuliko stelingi. Cannon wakasikia, wakampa picha yake mwenyewe, Revenge of the Ninja ya 1983, wakamkabidhi Sam Firstenberg aiongoze. Waliipiga Salt Lake City, Utah, mbali na gharama za Los Angeles. Ukinilazimisha kuchagua moja tu ya ukoo huu, nitachagua hiyo. Kosugi alijua kazi, mwanawe mdogo Kane yumo na anapiga mateke yake, na pambano la mwisho juu ya paa la ghorofa limepangwa na watu waliojua mtazamaji amelipia nini.

Iliyofuata, Ninja III: The Domination ya 1984, ni ya ajabu. Ninja mwovu anapigwa risasi nyingi kuliko ilivyo lazima, na kabla ya kukata roho anamwingia dada mmoja, fundi wa laini za simu huko Phoenix, Arizona. Dada huyo, Lucinda Dickey, mchana anapanda nguzo za simu na kucheza mazoezi ya viungo kwa muziki. Usiku pepo linampanda, anachukua upanga na kwenda kuua polisi. Linatafutwa suluhisho, na suluhisho ni lile ambalo mtu yeyote wa pwani angelitoa bila kusubiri: aitwe fundi anayelijua pepo hilo. Kosugi ndiye fundi, na jicho lake moja limefunikwa. Haikuingiza fedha kama iliyotangulia, na Kosugi akawaaga Cannon. Lakini hakuna aliyeitazama akaisahau.

Cannon wakahitaji stelingi mpya, tena Mmarekani. Inasimuliwa kuwa walimfikiria Chuck Norris, naye akakataa: hakutaka kufunikwa uso. Alikuwa sahihi kwa upande wake, kwa kuwa uso ndio ulikuwa mtaji wake. Michael Dudikoff, aliyekuwa mwanamitindo na hakuwa na historia ya karate, hakuwa na sababu ya kukataa. Mike Stone, yule aliyenyang'anywa nafasi na Nero, ndiye aliyepewa kazi ya kupanga mapambano. American Ninja ikatoka mwaka 1985, imepigwa Ufilipino, ikamfanya Dudikoff ajulikane duniani. Pembeni yake alikuwepo Steve James, Mmarekani mweusi wa New York, mwenye kifua, ucheshi na ngumi za kweli. Nani alistahili kuwa mbele na nani nyuma, ukitazama leo huna haja ya kuuliza. James alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 41 tu.

Picha za pili na tatu, za 1987 na 1989, zilipigwa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wa dunia wasiende huko, lakini serikali ya makaburu ilikuwa ikitoa nafuu ya kodi na ruzuku kwa watengenezaji wa filamu, na Cannon hawakuwahi kuipita fedha iliyo mezani. Kwenye hadithi ya American Ninja 2 tunaambiwa tuko kisiwa cha Karibi. Ya nne, ya 1990, ilipigwa Lesotho. Kwa hiyo bara letu limo katika tarehe hii mapema zaidi ya wengi wanavyodhani, ila limo kama ninja: limefunikwa uso, linaitwa kwa jina la mahali pengine.

Sasa tuvuke hadi Hong Kong, kwa sababu huko ndiko kanuni ya kitambaa ilikofikishwa mwisho wake. Cannon, pamoja na ubahili wao wote, walikuwa bado wanatengeneza sinema nzima. Joseph Lai wa kampuni ya IFD na mwongozaji wake Godfrey Ho waligundua kuwa robo inatosha.

Ho hakuwa mbumbumbu. Alikulia kazini Shaw Brothers, akiwa msaidizi wa Chang Cheh, mmoja wa wakuu wa sinema ya upanga na ngumi. Alijua kamera iwekwe wapi na pambano likatwe wapi. Alichokifanya alikifanya kwa kukusudia. Utaratibu wao ulikuwa huu: wananunua kwa bei ya kutupa haki za sinema ya Korea, Taiwani, Thailand au Ufilipino, iwe ya majambazi, ya mapenzi au ya mizimu, ambayo nje ya kwao haina mnunuzi. Wanakata sehemu zisizowafaa. Wanatafuta Wazungu wachache, wanawavalisha mavazi ya ninja ya rangi kali, nyekundu, manjano, kijani, na kanda ya kichwani iliyoandikwa NINJA, wasije wakakosewa. Wanawapiga picha kwa siku chache wakipigana kwenye bustani za Hong Kong. Kisha vipande vinaunganishwa, maneno mapya ya Kiingereza yanaandikwa ili vipande vyote viwe hadithi moja, na muziki unachukuliwa kwenye santuri za watu bila hodi.

Ugumu ulikuwa kwenye mshono. Ninja wa Hong Kong na jambazi wa Seoul hawajawahi kukutana, watazungumzaje? Kwa simu. Katika Ninja Terminator ya 1985, Richard Harrison anainua simu yenye umbo la paka Garfield na kumpa amri mtu aliyeko ndani ya sinema nyingine kabisa, ya Kikorea, iliyotengenezwa bila hata fikra ya ninja. Upande wa pili mtu anainua simu yake, midomo inacheza, sauti ya Kiingereza inajibu. Mahali pengine mshono ni mtu anayechungulia kichakani: anatazama kulia, picha inakatwa, na tunaona alichokiona, ambacho kilipigwa nchi nyingine na mtu mwingine. Unaweza kucheka, na inafaa ucheke. Lakini jaribu kukaa na filamu mbili zisizojuana uzifanye ziongee dakika tisini, halafu uje utuambie ulifika wapi.

Harrison mwenyewe ana historia inayohitaji kitabu. Ni mzaliwa wa Salt Lake City, mji uleule wa Revenge of the Ninja, aliyekwenda Italia miaka ya sitini na kupata jina kwenye sinema za mashujaa wa Kirumi na za kikauboi. Mwaka 1975 Chang Cheh alimpa nafasi ya Marco Polo, na kwa njia hiyo watu wa Hong Kong wakamfahamu. Miaka kumi baadaye alikubali kucheza picha chache za ninja. Kumbe kila alichokirekodi kilikatwa vipande na kugawiwa picha moja baada ya nyingine, na jina lake likatokea kwenye mabango ya sinema ambazo hakuwahi kusikia zikitajwa. Alilalamika hadharani kwamba jambo hilo lilimharibia kazi, na hakukawia kuuacha uigizaji. Mtu mmoja alitumika kama wengi: ni ile hesabu ya ninja, safari hii ikimla mwenye uso wazi.

Tomas Tang, aliyewahi kushirikiana na Lai, akafungua Filmark na kufanya vilevile, hata leo wakusanyaji wanabishana picha ipi ni ya nani. Ho alitumia majina mengi ya kubuni, na kazi zinazohesabiwa kuwa zake zinapita mia moja.

Wengine waliingia sokoni wakapita. Mats Helge wa Sweden alitoa The Ninja Mission mwaka 1984, maninja wakipigana na Warusi. Huko Orlando, Florida, mwalimu wa taekwondo Y.K. Kim alitoa Miami Connection mwaka 1987, yenye bendi ya muziki inayopigana na maninja wanaoendesha pikipiki. Ilianguka vibaya, ikasahaulika, hadi ilipofufuliwa kwenye kumbi za Marekani mwaka 2012 na kushangiliwa. Uingereza, mkaguzi mkuu wa filamu James Ferman aliichukia nanchaku kiasi cha kuikatisha kila ilipoonekana, na kasa wa katuni walioitwa maninja kwao Marekani wakaitwa mashujaa walipofika London.

Kasa hao ndio waliorithi nyumba. Sinema yao ya 1990 ilitengenezwa na Golden Harvest, kampuni ya Hong Kong iliyomtoa Bruce Lee, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200. Ninja akawa wa watoto. Cannon ilikwisha kulemewa na madeni. Golan alijitoa mwaka 1989, binamu wakatengana.

Upande wetu, kanda za VHS zilisafiri polepole kuliko mashabiki walivyotaka. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na picha hizi ziliishi kwenye mabanda ya video, vibanda umiza, miaka mingi baada ya kwao kuchoka nazo. Kiingereza cha sinema hakikuwafikia wote, basi akasimama mtu wa kueleza. Dar es Salaam alisifika Lufufu, ambaye masimulizi yake yaliuzwa hata kwenye kanda. Kenya, baadaye, DJ Afro. Kampala, wale wanaoitwa VJ, kwa Kiganda. Msimulizi alimpa adui jina, akaongeza dada yake stelingi ambaye hayumo, akaeleza sababu ya ugomvi vizuri kuliko mwandishi. Picha ya Kikorea iliyopewa maneno ya Kiingereza huko Hong Kong ilikuwa tayari imezoea kubadilishwa maneno. Kwa picha za namna hiyo msimulizi hakuharibu kitu; alikuwa fundi wa tatu kazini.

Kampala, kwenye mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alikulia katika masimulizi hayo. Alisimuliwa sinema na kaka yake kabla ya kuziona. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, picha ya ngumi na bunduki yenye Bruce Lee wa Kiganda ndani yake, akaipa sauti ya VJ Emmie, anayetania waigizaji wakati wakipigana. Nakala isiyo na msimulizi haipo tena: Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengeneza picha nyingine.