Njia ya Rabai na Theluji ya Kilimanjaro

Mkaa bure, wazee walisema, si sawa na mtembea bure. Ukweli wa methali hii waonekana katika safari moja ya miguu iliyofanywa nchini mwetu mwaka 1848. Mtu mmoja alitembea akaona. Mwingine alikaa mbali, kati ya vitabu vyake, akakana.

Msafiri huyo alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Tarehe 27 Aprili 1848 alishika njia ya Uchagani. Kwao Ulaya mwezi huo ni majira ya machipuo, miti ivaapo majani mapya. Huku kwetu ni masika. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia, na watu wao walikuwa wachache.

Kutoka Rabai njia huingia katika nyika ya Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu. Wakati wa kiangazi kiu huweza kumwua msafiri humo. Lakini masika hujaza ngurunga, yaani mashimo ya maji yaliyomo miambani, na miti iliyokauka kama kuni hutoa majani kwa siku chache tu. Kisha macho hupata faraja, maana milima ya Taita huinuka ghafula kutoka uwandani. Ukiisha kuipita Bura, nchi hufunguka tena, na milima ya Upare huonekana upande wa kusini-magharibi.

Hapo, asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, Rebmann aliona juu ya mlima mmoja kitu cheupe cha kung'aa, akadhani ni wingu. Alimwuliza mmoja wa wenzake, naye akajibu neno moja tu: baridi. Rebmann, ambaye kwao theluji huanguka kila mwaka, akatambua kuwa lile si wingu.

Tusiseme, kama vitabu vingi vya zamani, kwamba siku hiyo mlima "uligunduliwa." Wachaga walikuwa wakiishi mitelemkoni mwake tangu zamani, na weupe ule waliuita Kibo, jina ambalo leo ni la kilele kirefu kuliko vyote. Huko huko Rebmann alisikia kwamba mtawala mmoja wa Machame alipata kutuma watu wakatazame kama weupe ule ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kazi ya Rebmann ilikuwa kuandika aliyoyaona na aliyoyasikia.

Habari zake zilipochapishwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakupata kuikanyaga Afrika, alizikataa. Theluji karibu na ikweta, penye jua kali namna hii! Walakini jua si hoja peke yake. Hewa hupoa kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000 upandazo. Kilele cha Kibo, chenye kimo cha mita 5,895, kimepita uwanda kwa mita 5,000 hivi. Basi kama uwandani ni nyuzi 27, toa 30, utaona mwenyewe kwamba maji hayana budi kuganda.

Ubishi ule ulikatwa kwa miguu. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley aliendelea kubisha, lakini wataalamu wengine waliridhika. Rebmann alikaa huku hata mwaka 1875. Alipoondoka, macho yale yaliyoiona theluji yalikuwa yamepofuka. Alikufa mwaka uliofuata.

Mwanafunzi asomaye historia na akumbuke njia ile ya Rabai. Kila afunguapo kitabu aulize: Je, mwandishi huyu aliona, aliambiwa, au alikisia? Tena asipime ushahidi kwa cheo cha shahidi. Mtu yule wa msafara, ambaye jina lake halitajwi, alisema neno moja tu njiani, na neno lile lilikuwa na ukweli kuliko kitabu kizima kilichoandikwa London.