Jina la Uvimbe: Utambuzi wa Uvimbe Adimu Usio Saratani wa Viungo vya Uzazi katika Ukanda wa Kewanja, Mkoa wa Mara

Historia ya tiba ya uvimbe wa viungo vya uzazi vya mwanamke huandikwa mara nyingi kama historia ya upasuaji. Kwa Kewanja, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, ng'ambo ya Mto Mara kutoka Serengeti, mtazamo huo hautoshi. Insha hii inadai kwamba kikwazo kikubwa zaidi kimekuwa utambuzi, yaani kuupa uvimbe jina lake kabla ya kuamua kipi kikatwe na kipi kiachwe.

Mfano unaofaa ni faibroma ya ovari. Mwaka 1937, Joe Vincent Meigs na John Cass walieleza nchini Marekani wagonjwa 7 waliokuwa na uvimbe huo pamoja na maji tumboni na kifuani. Uvimbe ulipoondolewa, maji yalikauka na hayakurudi. Dalili hizo, hata hivyo, hufanana mno na za saratani ya ovari iliyosambaa. Katika Kanda ya Ziwa kuna utata wa ziada: kifua kikuu huleta maji tumboni na kifuani vilevile, na kichocho cha matumbo, kinapoharibu ini, hujaza tumbo maji. Hata kipimo cha damu cha CA-125 hakimalizi shaka, kwa kuwa hupanda katika saratani, katika kifua kikuu cha tumbo na katika faibroma yenyewe. Tabibu mwenye mikono na macho pekee hawezi kulaumiwa akikosea hapa.

Athari ya kosa ni nzito. Anayedhaniwa kuwa na saratani iliyokwisha kusambaa huweza kurudishwa nyumbani akafie huko, ilhali ugonjwa wake unapona. Au huondolewa ovari zote mbili na mji wa mimba, ilhali kuondoa ovari moja kungetosha. Miongoni mwa Wakurya, ambao desturi yao ya nyumba ntobhu humruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke ili apate warithi, hasara hiyo hugusa mji mzima na mali yake.

Huduma zenyewe zilisogea kwa hatua zisizolingana. Wamenonite walianza misheni Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyokua hapo ikahudumia Mara Kaskazini. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake walichapisha huko Uingereza matumizi ya mawimbi ya sauti kuchunguza uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao, aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika, alikutwa na uvimbe wa maji wa ovari, akapasuliwa na kupona. Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971 ikawa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kuanzia mwaka 2002 mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji, mawe ya Nyamongo yalipimwa maabara hadi gramu za dhahabu kwa kila tani. Sampuli ya nyama ya mwili haikuwahi kuwa na soko la namna hiyo.

Mawimbi ya sauti huonyesha umbo tu. Jina la mwisho hutolewa na patholojia: kipande huwekwa katika fomalini, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini, na majibu hurudi wakati mgonjwa amekwisha shonwa.